Karatasi Moja Ndani ya Faili la Kontena

Kibaya chajiuza, chema chajitembeza. Wahenga waliisema kinyume, na siwalaumu. Wao hawakuwahi kutafuta kazi Mombasa.

Nimeitembeza CV yangu miaka mitatu. Nimeipeleka mahoteli ya Nyali, shule za Mtopanga, benki, hospitali, na kila ofisi iliyo na mlango. Kurasa sita, picha ya rangi juu, stashahada yangu imetajwa mara nne asije mtu akapitiwa. Hakuna aliyenijibu, hata wa kunitukana.

Mnaonisoma tangu juma la kwanza mwayajua yaliyobaki. Kwa aliyeingia leo nitasema kwa kifupi. Mimi ni Kuluthum binti Aidarus, naishi Mishomoroni. Nilikuwa na mume, Mujahid, askari wa lango katika yadi moja ya makontena kule Changamwe. Kontena likamwangukia. Hatukujaliwa mtoto. Sasa niko nyumbani kwa mamake, Bi Nyamvula, nakaa eda: miezi minne na siku kumi ndani ya nyumba, bila wanja, bila marashi, bila kutoka. Kizuka, ndivyo anavyoitwa mwanamke wa hali yangu.

Eda ikiisha, chumba changu anapewa shemeji yangu anayetaka kuoa. Mimi narudishwa Likoni kwa mke wa baba, nyumba niliyoolewa nikiikimbia. Kitu kimoja tu kingeniepusha na Likoni, nacho ni kazi. Kazi, na chumba chenye ufunguo wangu mwenyewe.

Siku ya sitini na tatu ya eda, simu ikalia.

"Naongea na Kuluthum Aidarus?"

"Ndiye."

"Naitwa Margret, wa ofisi ya wafanyakazi." Akataja jina la yadi. "Tumeisoma CV yako. Unaweza kuja Jumanne saa nne asubuhi tukuhoji?"

Nikakaa juu ya mkeka.

Yadi aliyoitaja ni ile ile. Ndipo alipofia Mujahid. Na mimi sijawahi kupeleka CV pale hata siku moja, maana Mujahid mwenyewe alinikataza.

"Usijisumbue, Kulthumu," aliniambia zamani. "Bahasha za kazi zikifika langoni kwetu zaingia boksi chini ya meza yangu. Hakuna anayezipandisha juu. Mwisho wa mwezi muuza mahamri aja kuzichukua."

Sasa nani aliyeipeleka?

"Kulthumu!" Bi Nyamvula aliita kutoka uani.

"Abee, Mama."

"Wazungumza na nani?"

"Naitwa kwenye usaili, Mama. Jumanne."

Akaja mlangoni, mikono ina unga. Nyuma yake wifi yangu Lamis, aliyekuwa akikuna nazi, akaja na mbuzi yake mkononi ili neno lisimpite.

"Umewaambia uko edani?"

"La. Nimewaambia nitakwenda."

"Ala!" Lamis akacheka. "Kizuka na intavyuu! Mwezi ujao tutaambiwa yuko fungate."

"Nyamaza, Lamis," Mama akasema, lakini macho hayakuniacha. "Mwanangu hata udongo haujakauka. Wataka kupita mtaani watu wakuone?"

"Nataka kazi, Mama."

"Umelala njaa hapa?"

"Sijalala njaa."

"Basi kazi ya nini?"

Ningesema Likoni, angesema namsuta kwa chumba. Akachukua simu yake, akampigia shehe wa msikiti wetu, akaweka sauti ya juu ili nisikie nikihukumiwa.

Shehe akasikiliza yote. Kisha akasema, "Kama ana haja, naatoke mchana, asijipambe, na jua lisitue yuko nje."

"Haja gani, shehe wangu? Hapa yuala, yualala."

"Haja yake aijua mwenyewe, Bi Nyamvula. Muulize."

Mama akakata simu. Hakuniuliza.

Jumanne asubuhi Nduku akaja kunichukua. Nduku ni Mkamba wa Machakos, ana saiba, duka la kompyuta na kuchapisha, pale kona ya kwetu, na ndiko nilikokuwa nikikaa kabla ya eda kuwaandikia watu barua: za chifu, za shule, za kuomba mwili mochari. Alikuwa na CV mpya mkononi, bado ya moto kutoka kwenye printa.

"Shika. Zile zako zimekuwa manjano kama mahindi ya msaada wa njaa."

"Nduku, wewe ndiwe uliyepeleka CV yangu Changamwe?"

"Mimi naprinti, sipeleki. Na usikie, Kulthu. Ukifika huko usilie. Watu wa ofisi wakiona machozi wanafikiria umekuja kuomba."

Nikavaa buibui lisilo nakshi hata uzi. Nikapita mbele ya Mama nikasema, "Nakwenda, Mama." Mtaani wanawake walioketi barazani wakaacha kusukana, wakanitazama mpaka nikakunja kona.

Langoni mwa yadi palikuwa na askari mwingine, kwenye meza ile ile. Nilijua ni ile kwa sababu Mujahid aliwahi kunisimulia mguu wake mmoja umefungwa waya. Niliutazama waya. Nikakumbuka neno la Nduku, nikapanda ngazi.

Juu ofisini walikuwa wawili. Bi Margret, mama wa makamo, miwani imening'inia kifuani. Na Bwana Phineas, msimamizi wa yadi, mwanamume mwenye kicheko kilichomtangulia mlangoni.

"Huyu ndiye!" akasema. "Huyu ndiye msichana wa faili!"

"Faili gani?" nikauliza.

Akamtazama Bi Margret. "Hajui?"

"Hata mimi nilidhani ni ujanja wake," Bi Margret akasema. "Kuluthum, CV yako haikuja kwa barua pepe. Haikuja kwa bahasha. Kila lori likitaka kutoka na kontena, karatasi zake zote zafungwa faili moja, langoni wanazikagua, kisha faili lapanda kwa mkurugenzi kutia sahihi. Siku hiyo alikuwa anatia sahihi kontena la vigae. Karatasi ya kwanza mzigo, ya pili ushuru, ya tatu ni wewe."

"Alikuwa karibu kukutia sahihi utoke na lori!" Bwana Phineas akapiga meza kwa kicheko. "Hata muhuri wa lango ulikuwa nao. Umekaguliwa, huna kasoro!"

Bi Margret akaisukuma karatasi mbele yangu.

Ukurasa mmoja. Si sita, mmoja. Picha haikuwepo. Shule ya msingi haikuwepo, wala uongozi wangu wa bweni, wala vyeti vya kushiriki, wala mambo nipendayo wakati wa mapumziko. Ulikuwa ukurasa wangu wa nne, ule nilioujaza kwa kukosa la kujaza: kwamba kwa miaka mitatu nimeandikia watu wa Mishomoroni barua zao, na barua gani, kwa nani, na ngapi zilijibiwa.

Juu kabisa, kwa kalamu ya buluu, palikuwa na maandishi yaliyolala upande kama mtu aliyechoka. Nayajua maandishi hayo. Yamo kwenye kadi ya harusi yangu.

*Huyu ndiye aandikaye barua za mtaa mzima. Ila yake ni maneno mengi. Nimeyapunguza.*

Hapo nikakumbuka. Jioni moja tunakula, akaniuliza, "Ukiambiwa ubaki na ukurasa mmoja tu, ungebaki na upi?" Nikamjibu kwa ukali, "CV yangu si mkate wa kukatwa vipande." Akaendelea kula.

"Mkurugenzi akausoma amesimama," Bi Margret akaendelea. "Sisi shida yetu hapa ni barua. Tukimwandikia mteja kumwomba avumilie, yeye anasoma tusi. Kila siku mkurugenzi analalamika, mpaka pale langoni akishuka garini analalamika. Sasa hapa kuna mtu ambaye chifu anamjibu! Akaandika pembeni, aitwe nafasi ikipatikana. Imepatikana."

Miaka mitatu nilikuwa nawaeleza watu mimi ni nani. Mujahid alikaa langoni akasikiliza wao wanataka nini. Alifika kidato cha nne tu, huyo.

"Na aliyeitia ndani ya faili?" nikauliza.

"Soja wa lango," akasema Bwana Phineas. "Tulipouliza ni nani, hakujificha. Akasimama akasema ni mimi, tena anatabasamu. Mkurugenzi alicheka, lakini mimi ndiye ninayeisimamia yadi. Faili la mzigo si la kuchezea. Leo umetia CV, kesho utatia nini? Nikamtoa langoni siku hiyo hiyo, nikampeleka ndani, kule wanakopanga makontena." Kicheko kikapungua. "Kwa bahati mbaya huko akapata ajali. Mungu amrehemu. Ulikuwa unamjua?"

Msomaji wangu, kwetu mwanamke hawachi jina la babake kwa kuolewa. Karatasini mimi ni Kuluthum Aidarus, na hakuna mahali palipoandikwa mke wa fulani. Neno moja, "simjui," lingenipa kazi ile kabla chai haijapoa. Nililihisi likinigusa meno.

"Ni mume wangu," nikasema. "Hivi nilivyo niko edani kwake."

Bwana Phineas akavua kofia yake ya plastiki, akaiweka mezani, akaichukua tena, akatoka bila kuaga.

Sikulia. Nilikuwa nahesabu siku kichwani.

Siku ile aliyotolewa langoni alikuja nyumbani mapema, akaniambia, "Nimehamishwa, Kulthumu. Sasa niko ndani kabisa." Nikadhani amepandishwa cheo. Nikamkumbatia. Nikapika pilau ya nyama, nikawapelekea majirani sahani. Akaila yote, akaisifu. Baada ya siku kumi na tisa wakaja kunibishia mlango.

Nilimpikia pilau ya kumsindikiza.

Bi Margret akafunga mlango, akanimiminia chai. "Pole, dada. Laiti ningalijua."

"Kazi ipo au haipo?"

"Ipo. Mkurugenzi amesema hataki mwingine. Lakini sasa..." Akavaa miwani, akaivua. Akatoka, akakaa huko kitambo. Aliporudi hakunitazama usoni. "Wanataka barua kutoka kwako. Fupi tu. Useme unaomba radhi, wewe na kwa niaba ya marehemu, kwa jinsi CV ilivyoingia kwenye faili. Kwamba lilikuwa kosa, na kwamba yadi haikuwa na njia ila kumhamisha. Uilete Alhamisi kabla ya saa sita. Jumatatu unaanza."

"Kwa nini waitaka?"

"Kuna watu wa serikali watakuja kuchunguza ile ajali."

Nikaelewa. Mimi hula kwa barua, siwezi kusomewa barua nisione iliyo nyuma yake. Waliona mwandishi mzuri, wakataka barua yake ya kwanza iwe ya kumzika mumewe mara ya pili.

"Mimi natumwa tu," Bi Margret akasema polepole.

"Najua, dada. Chai yako ni tamu."

Nilifika nyumbani alasiri, jua bado liko juu. Mama alikuwa kitandani kwake na tasbihi. Ningeweza kumficha. Nikakaa sakafuni miguuni pake, nikamwambia yote ila ile barua ya radhi: faili, ukurasa, lango, Phineas. Nilidhani maandishi ya mwanawe yatamfariji.

Tasbihi ikasimama.

"Basi ni karatasi yako."

"Mama..."

"Ni karatasi yako iliyomtoa langoni! Nilimwambia mimi, mwanangu kaa langoni, langoni kuna kivuli, langoni hapanyanyuliwi kitu. Miaka saba alikaa pale salama. Saba, Kulthumu! Ukamtia tamaa zako."

Lamis akaingia mbio. Mama akamweleza kwa maneno matatu. Lamis, mwenye ulimi wa kisu siku zote, akaketi, akalia kama mtoto.

"Omba radhi," Mama akasema. "Hapa, mbele ya Mola wako na mbele ya dada yake. Sema nimekosa, nimewaulia mtu wenu. Ukilisema nitakusamehe. Wallahi nitakusamehe, na hutatoka nyumba hii. Chumba kitabaki chako."

Sikilizeni vizuri alichonipa. Chumba. Likoni imefutika. Nisingehitaji hata ile kazi.

Na lipo jambo sijawaambia, majuma yote haya nimelipita mbali. Siku chache kabla ya faili, nilitoka Nyali kwa miguu, nimekataliwa mlangoni hata bahasha haikupokewa. Nilipofika nilimkuta Mujahid anapiga pasi sare yake. Nikamwambia, "Waume wa wenzangu wanajua watu. Wewe wamjua nani? Madereva wa malori?"

Alizima pasi, akaikunja sare, akatoka kwenda kuswali. Nadhani aliamua njiani.

Kwa neno lile nimemwomba radhi mwenyewe, kila sijda, na nitamwomba mpaka tuonane. Hilo ni langu na lake. Lakini Mama hakuniomba hilo. Aliniomba niseme CV ni kosa.

Nikainuka, nikaenda chumbani kwangu. Siku mbili hatukusemezana. Sahani yangu ililetwa mlangoni na kuwekwa chini.

Jumatano Nduku akaja na laptopu.

"Andika hiyo barua," akasema. "Mistari mitatu. Amekufa, Kulthu, haisomi."

"Mimi naisoma."

"Unajua watu wangapi huleta CV kwangu kila siku? Wote wanataka kuitwa tu. Wewe umeitwa! Umeonekana! Sasa unataka kujificha tena?"

"Aliyeonekana pale si mimi. Ni yeye."

"Basi mheshimu, chukua kazi."

"Kwa kuandika kwamba alikosea?"

Nduku akafunga laptopu. "Wewe na maneno yako," akasema, na nikaona anafuta jicho kwa ukosi wa blauzi, yeye aliyenikataza kulia.

Alhamisi, saa sita kasoro robo, simu ikalia. Nilikuwa nimetoka chumbani kuchukua maji. Mama na Lamis walikuwa ukumbini wanachambua mchele. Jina la Bi Margret likawaka. Sikuenda kando. Nikaiweka simu juu ya mkeka katikati yetu, nikapandisha sauti.

"Kuluthum, mkurugenzi yuko hapa na mimi. Barua iko wapi?"

"Barua gani, Bi Margret?"

"Ile ya kuomba radhi. Tafadhali. Kiti chako kiko tayari, nimekiona kwa macho yangu. Mistari miwili inatosha. Hata kama ni kwa simu, sema tu, mkurugenzi anasikia, mimi nitaiandika."

Mama akaacha mchele. Alikuwa hajui kwamba na wao waliidai. Akanitazama, na mara ya kwanza tangu Jumanne sikuona hasira usoni mwake. Niliona hofu, kama kwamba radhi aliyoidai yeye ikitoka sasa itakwenda kwa watu wale, na yeye ndiye aliyeifungulia mlango.

Lakini hakuifuta. Akasema kwa sauti ndogo sana, "Sema basi, mwanangu. Tupumzike."

"Nani huyo?" akauliza Bi Margret.

"Mamake Mujahid."

Nikasikia mtu akikohoa upande wa pili, kikohozi cha mwanamume mwenye meza kubwa.

Nilikuwa na kazi mkono huu, na chumba mkono huu. Yadi na Mama, wote wataka neno moja. Nikilisema, mkono ule alioandikia kwa kalamu ya buluu unakuwa mkono wa mkosaji, milele, kwa maandishi na kwa ushahidi. Hakuna mtu duniani aliyewahi kunisoma kama alivyonisoma yule. Alinisoma kurasa sita, akajua ni upi.

"Kuluthum? Uko?"

"Niko, Bi Margret. Mwambie mkurugenzi naijua kazi yake na naiweza. Akiitaka barua nyingine yoyote nitamwandikia. Hiyo, hapana. Mume wangu hakukosa. Siombi radhi."

Nikamgeukia Mama. Machozi yalikuwa yananitoka sasa, wala sikuyafuta.

"Na kwako pia, Mama. Siombi."